Umeona au umesikia?
Somo juu ya uvumi, kwa familia zilizokimbia na viongozi wao



Katika lugha yetu kuna neno dogo lenye kazi kubwa: eti. Mtu akisema "eti wameonekana upande wa Epulu", anakuonya kwamba yeye mwenyewe hakuona; amebeba maneno ya mwingine. "Wanasema" na "inasemekana" yana kazi hiyo hiyo. Somo hili linaeleza jinsi maneno hayo yanavyopotea njiani, kwa nini hata watu wema wanayaacha yapotee, na kile ambacho familia na kamati ya wakimbizi wa ndani wanaweza kufanya.

Tumefikiria hasa Niania, katika eneo la Mambasa, jimbo la Ituri. Niania ni njia panda. Barabara moja inatoka Bunia na Mambasa, nyingine inakwenda Bafwasende na Kisangani, ya tatu inapanda Isiro. Kila gari na kila pikipiki inaposimama pale, habari inashuka pamoja na mizigo. Wasomaji walio mahali pengine wataona kwamba kwao mambo si tofauti sana.

Habari inavyobadilika mdomoni

Tuchukue mfano. Saa kumi na moja jioni dereva wa pikipiki anafika Niania na kusema: "Nimeona watu watano wenye bunduki wakivuka barabara karibu na daraja. Sikusimama." Hayo ndiyo yote aliyoyaona. Muuza petroli anafika nyumbani na kumwambia mke wake: "Eti waasi wameonekana barabarani." Mama huyo anakwenda kuchota maji, na pale anasema: "Waasi wako njiani wanakuja." Saa moja usiku mtu anampigia ndugu yake simu Mambasa: "Niania imeshambuliwa."

Hakuna hata mmoja aliyekusudia kudanganya. Lakini idadi imepotea, daraja limepotea, na neno eti limepotea. Tena kitu kimeongezwa ambacho dereva hakukisema: neno "waasi". Watu wenye bunduki katika msitu ule wanaweza kuwa waasi kweli. Wanaweza pia kuwa askari wa FARDC walio kwenye doria, au walinzi wa Hifadhi ya Okapi, au wawindaji. Dereva hakujua, na hakujifanya anajua.

Kuna hatari nyingine inayofuata. Kesho yake asubuhi habari ile inarudi kutoka Mambasa kwa simu, na watu wa Niania wanasema: "Mnaona? Hata Mambasa wanasema hivyo!" Sauti yao wenyewe imewarudia, nao wanaihesabu kuwa shahidi wa pili. Ndiyo sababu haitoshi kusema "nimesikia kwa watu watatu". Labda wote watatu wamekunywa kwenye kisima kimoja.

Wataalamu wawili wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, walichunguza jambo hili wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mwaka 1947 walitoa kitabu juu yake. Walimwonyesha mtu picha, naye akamweleza mwingine ambaye hakuiona, huyo akamweleza wa tatu, na kuendelea. Baada ya kupita watu watano au sita, karibu asilimia 70 ya mambo madogo madogo ya picha yalikuwa yamepotea. Picha moja ilionyesha watu ndani ya treni: mzungu ameshika wembe wa kunyolea, anazungumza na mtu mweusi. Mara nyingi, kabla maelezo hayajafika kwa mtu wa mwisho, wembe ulikuwa umehamia mkononi mwa yule mweusi.

Tafakarini jambo hilo. Watu wale walikuwa wamelelewa katika nchi ambako walizoea kusikia kwamba mtu mweusi ndiye wa kuogopwa. Masikio yao yakasahihisha picha ili ifuate mazoea. Sasa, mahali pa mzungu na mweusi wekeni mkulima na mfugaji, au mwenyeji na mgeni, au makabila mawili ya Ituri ambayo hatuna haja ya kuyataja. Wembe unahamia mkononi mwa nani?

Kwa nini hatuulizi?

Viongozi wengine wanasema watu wanaeneza uvumi kwa sababu hawakusoma, au kwa sababu wanawake wanapenda maneno. Si kweli. Maneno yanayosikika kwenye maji yanasikika pia kwenye kituo cha pikipiki na mahali pa pombe, ambako wanaume ndio wengi. Hata ofisini, na walimu na waganga, radio trottoir inasikilizwa.

Allport na Postman waliona kwamba uvumi unakua pale mambo mawili yanapokutana: jambo lenyewe ni zito kwa maisha ya mtu, na habari za hakika hakuna. Likikosekana moja kati ya hayo mawili, uvumi hauna nguvu. Bei ya samaki ya mji wa mbali haitakunyima usingizi. Na jambo zito ambalo kila mtu ameliona kwa macho halihitaji uvumi. Lakini angalieni maisha ya familia iliyokimbia: je, njia ya kurudi shambani iko wazi? Mtoto aliyepotea amefika wapi? Orodha ya chakula inafungwa leo au wiki ijayo? Kila swali ni zito, na mara nyingi hakuna anayekuja kujibu. Kambi ni shamba lenye rutuba kwa uvumi, na kosa si la wanaoishi ndani yake.

Kuna sababu nyingine mbili ambazo masomo ya aina hii huziacha. Kwanza, kupeleka habari ni tendo la upendo. Ukisikia hatari na ukanyamaza, jirani yako akapatwa, utaulizwa. Basi mtu anaona heri aseme. Pili, kwetu kumwuliza mkubwa "Wewe uliona?" ni kama kumwita mwongo. Kijana hawezi kumwuliza mzee hivyo, wala bibi-arusi mama mkwe wake. Heshima inafunga mdomo, na habari inapita bila kupimwa. Kwa hiyo tujifunze kuuliza kwa heshima: "Mzee, nisaidie nielewe vizuri, ili nikiulizwa nijue la kujibu. Aliyeona kwa macho ni nani? Ilikuwa lini? Mahali gani hasa?" Swali kama hilo halimvunjii mzee heshima. Linampa kazi ya kufundisha.

Funzo la Ebola

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa ukaingia Ituri, ukafika Mandima, Mambasa, Komanda na Bunia. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Chanjo ilikuwapo, na zaidi ya watu 300,000 waliipata. Lakini wengi waliikimbia. Katika uchunguzi uliofanywa Beni na Butembo mwezi Septemba 2018, mtu mmoja kati ya wanne alisema Ebola haipo.

Walitoa wapi maneno hayo? Wengi waliona vita vya miaka mingi bila msaada mkubwa, kisha ghafla magari na fedha vikaja kwa ugonjwa mmoja. Mwezi Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kama mojawapo ya sababu, huku sehemu nyingine za nchi zikipiga kura. Waliokuwa wakisema "Ebola ni siasa" wakapata ushahidi wao. Uvumi ulikuwa wa uongo, lakini uchungu ulioulisha ulikuwa wa kweli.

Matunda yake tuliyaona karibu nasi. Huko Lwemba, katika eneo la Mambasa, ghasia zilizuka mwezi Septemba 2019 baada ya muuguzi wa hapo kufa, na nyumba zikachomwa. Mwezi Novemba mwaka huo, Papy Mumbere Mahamba, mwanahabari wa redio ya jamii aliyekuwa akiwafundisha watu juu ya Ebola, aliuawa nyumbani kwake Lwemba. Kabla ya mwezi kwisha, wafanyakazi wa kupambana na ugonjwa waliuawa Biakato Mines.

Hata hivyo, somo la Ebola lina upande wa pili, na viongozi wanapaswa kulisoma lote. Wakati ule kulikuwa na maneno mengine: kwamba wanaume fulani wa timu za Ebola walikuwa wakiwadai wanawake miili yao ndipo wawape kazi. Mwezi Septemba 2021 tume huru ilitoa ripoti yake na kuonyesha kwamba mambo hayo yalitendeka. Ilihesabu watuhumiwa wasiopungua 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani.

Methali inasema: lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Wapo wanaoitumia kama kibali cha kuamini kila neno. Wapo viongozi wanaoichukia kwa sababu hiyo. Sisi tunaona afadhali kuisoma hivi: kila lisemwalo lina kitu nyuma yake, ama tukio, ama hofu, ama uchungu, na kazi yetu ni kwenda kutazama ni kipi. Kiongozi anayesema tu "Huo ni uvumi, nyamazeni" bila kwenda kutazama naye hakuhakikisha.

"Kimbieni" na "ni wale"

Wengine hufundisha kwamba usipeleke habari yoyote kabla ya kuihakikisha. Kwa familia iliyowahi kuamshwa usiku kwa risasi, fundisho hilo halifai. Habari ikisema "kimbieni", mwenye watoto wadogo hawezi kungoja ushahidi. Akikimbia bure, amepoteza usingizi, labda na kuku au mavuno. Akibaki bure, amepoteza vyote. Tusimcheke aliyekimbia. Tumwombe tu apeleke habari kama alivyoipokea, pamoja na eti yake, mahali na saa.

Habari inayosema "ni wale waliofanya" ni kitu kingine. Hapo kungoja hakumwui mtu, na haraka inaua. Mwezi Juni 2017 padri mmoja alikufa huko Drodro, katika Djugu. Haraka watu wengi wa kabila lake waliamini ameuawa na watu wa kabila lingine, na hasira ikaanza kuwaka. Hatusemi kifo kile peke yake kilileta vita. Mambo ya mashamba yalikuwako tangu zamani. Lakini kufika Desemba mwaka ule mauaji yalikuwa yameanza, na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Januari 2020 ilihesabu watu 701 waliouawa katika Ituri kati ya Desemba 2017 na Septemba 2019.

Kwa hiyo, ukipokea habari, tazama kwanza inakutuma ufanye nini. Ikikutuma ukimbie, ipeleke kama ilivyo na uulize huku ukitembea. Ikikutuma umchukie au umpige mtu, isimame kwako. Na picha zinazopita kwenye simu zikionyesha maiti, ulizeni zilipigwa wapi na mwaka gani; picha ya vita vya nchi nyingine haina alama usoni.

Kazi ya kamati

Nchini Kenya, kwenye delta ya mto Tana, Wapokomo na Waorma walipigana mwaka 2012 hadi mwanzoni mwa 2013, na zaidi ya watu 100 wakafa. Baadaye shirika la Sentinel Project lilianzisha huko kazi iitwayo Una Hakika. Mtu akisikia jambo, anatuma ujumbe wa simu. Wajitolea wa vijijini wanakwenda kuuliza, kisha jibu linarudishwa kwa watu. Jambo tunalolipenda katika mpango huo ni hilo la kurudisha jibu. Kamati nyingi hukusanya habari na kuzipeleka juu, na wananchi wanabaki gizani walimokuwa.

Bila mtambo wowote, kamati ya kambi inaweza kuanza na daftari moja. Andikeni saa, maneno yenyewe, nani aliyaleta, nani ametumwa kuuliza, na jibu. Watumeni wawili, mwanamke na mwanaume, na ikiwezekana wa makabila mawili, ili jibu lisikataliwe kwa sababu ya mletaji. Wawe na nambari za simu za watu wanaoaminika kwenye kila barabara: chefu wa kijiji, muuguzi wa kituo cha afya, dereva, mchungaji au imamu. Jioni, kabla ya giza, mtangaze mlichopata. Kama hamjapata, semeni "bado hatujui, tutasema kesho asubuhi", na kesho asubuhi mseme. Msitangaze jina la aliyeleta uvumi, la sivyo wiki ijayo hakuna atakayewaletea neno.

Zoezi la kikundi

Kaeni watu saba kwa mstari. Wa kwanza asomewe pembeni maneno ya yule dereva wa pikipiki, amnong'oneze wa pili, na kuendelea hadi wa saba, ambaye atasema kwa sauti alichopokea. Tafuteni pamoja ni nani aliyeacha neno "nimeona", na kwa nini. Kisha kumbukeni uvumi mmoja uliopita kwenu mwezi huu. Ulitaka watu wakimbie, au ulitaka wamchukie mtu? Nani angeweza kuwajibu siku ile, na je, kuna yeyote kati yenu aliye na nambari yake ya simu?