Jumamosi Ulikuwa Wapi?

Insha ya kwanza niliyoletewa hapa Kamembe, Rwanda, ilianza na milima elfu moja. Ya pili nayo milima, ikaongezewa ngoma na wachezaji wa intore. Ya tatu ilianza na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ingawa mwandishi wake alizaliwa zaidi ya miaka kumi baadaye.

Vijana hao watatu walikuwa wakiomba vyuo vya Marekani kupitia Common App, fomu ya pamoja inayopokelewa na vyuo zaidi ya elfu moja. Insha yake kuu haipungui maneno 250 wala haizidi 650. Swali mojawapo humwalika mwombaji asimulie asili yake, utambulisho wake, kipaji au jambo ambalo likiachwa, maombi yanabaki na pengo. Neno “asili” ndilo linalowaponza. Wakilisikia, wanaijibia nchi nzima, kana kwamba wametumwa na ofisi ya utalii.

Tangu hapo, anayeniletea rasimu namwuliza kwanza: Jumamosi iliyopita ulikuwa wapi, ukifanya nini?

Msichana wa ile insha ya tatu alijibu papo hapo. Alikuwa darajani. Mama yake huvusha nyanya kwenda Bukavu, Kongo, kupitia mpaka wa Rusizi ya Kwanza, naye ndiye mshika hesabu. Faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola hupita mkononi mwake asubuhi moja. Nyumbani ni Kinyarwanda, shuleni Kiingereza, kwa wateja wazee wa ng’ambo Mashi, na bei hupatanwa kwa Kiswahili, ambacho Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017 lakini pande hizi kilikuwa sokoni tangu zamani. Katika rasimu yake hayo hayakuwamo hata kidogo. Aliyahesabu kuwa kazi za nyumbani tu.

Hapo ndipo pa kuanzia. Mwombaji achague saa moja ambayo mikono yake ilikuwa na kazi, aiandike yote, kisha atafute uamuzi alioufanya ndani ya saa hiyo. Msichana huyu alikumbuka siku faranga ya Kongo iliposhuka thamani na mama akataka kuuza kama kawaida. Yeye akamsihi apokee dola tu, wateja wawili wakaondoka kwa hasira, na mama akanuna mpaka jioni. Kisa chenyewe kifupi, lakini afisa wa udahili aliye mbali anamwona humo mtu anayepima, anayebishana na mzazi kwa adabu, na anayelipia uamuzi wake.

Kijana mwingine alitoka kisiwa cha Nkombo, ambako watu husema Kihavu. Aya yake ya kwanza ilikuwa somo la jiografia: ukubwa wa Ziwa Kivu, idadi ya visiwa, hali ya hewa. Ya pili ilieleza uvuvi wa sambaza, mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, taa usiku na nyimbo za kupigia makasia. Aliwaita sambaza “samaki wa mababu zetu”. Nilimshauri amsomee babu yake. Mzee akacheka: sambaza waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, yeye akiwa mtoto. Basi mila ambayo mjukuu aliidhani ya kale ilikuwa changa kuliko babu! Mshangao huo ukawa uti wa mgongo wa insha, na jiografia ikabaki sentensi moja.

Ugumu mkubwa ni 1994. Wengi huamini kwamba mwombaji kutoka Rwanda asipoileta historia hiyo hatasomwa. Hakuna anayemdai jeraha. Kama liko nyumbani kwao na anataka kuliandika, asimulie alichokishuhudia mwenyewe: ukimya wa sebuleni kila Aprili, picha isiyoulizwa. Asijivike ushahidi wa waliokuwapo.

Tena kuna sababu mpya ya kuandika kwa umakini. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia vyuo kuzingatia rangi ya mwombaji katika udahili, lakini Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba mwombaji bado anaweza kueleza jinsi rangi ilivyoyagusa maisha yake, mradi maelezo hayo yafungamane na tabia au uwezo wake. Baada ya hapo vyuo kadhaa vikaongeza maswali mafupi kuhusu malezi na jamii. Vinachotaka kujua ni kile ambacho malezi hayo yalimfundisha mwombaji kukifanya.

Uingereza hesabu ni nyingine. Kwa wanaoanza masomo kuanzia mwaka 2026, UCAS, taasisi inayopokea maombi ya vyuo vya huko, imeigawa taarifa binafsi ya mwombaji katika maswali matatu, jumla herufi 4,000 pamoja na nafasi, na yote yanaegemea kozi inayoombwa. Msichana yuleyule akiomba uchumi huko, ugomvi na mama unapungua, na kushuka kwa sarafu kunachukua nafasi.

Kuhusu lugha, nimeona njia moja ikifaa. Mwombaji amsimulie kisa mtu wa nyumbani kwa lugha ya nyumbani, ajirekodi kwenye simu, kisha aandike Kiingereza akisikiliza. Maneno ya kamusi hupukutika yenyewe.

Rasimu ya saba ya msichana wa darajani ilikuwa na maneno 641. Milima haikuwamo, na 1994 ilibaki katika sentensi moja, inayomhusu bibi yake. Kabla ya kuituma alimtafsiria mama yake yote, jikoni. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasahihisha jambo moja tu: bei ya ndoo ya nyanya siku ile.