Mgonjwa Kijana, Sala Zake na Haki Yake ya Kuambiwa Ukweli



Ndugu zangu katika imani, nimeombwa kuandika somo la hukumu za mgonjwa. Ningeweza kuzinakili kutoka vitabuni, mkazisoma na kuzisahau. Nimeona bora nizieleze jinsi zilivyotufika nyumbani, maana mimi nilizijua kwa kuchelewa, na aliyeumia kwa kuchelewa kwangu ni mdogo wangu.

Alikuwa na miaka 16, yuko kidato cha nne. Goti lilianza kumuuma, tukadhani ni mambo ya mpira. Ilikuwa saratani ya mfupa, ile inayowashika zaidi vijana wakati wa kurefuka na mara nyingi huanzia karibu na goti. Mguu ulikatwa, lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kufika mapafuni. Siku moja daktari alimwita baba mdogo pembeni, akamwambia kuwa tiba ya kuponya haipo tena. Baba mdogo akamwambia mama, mama akaniambia mimi, na sote tukakubaliana kuwa mgonjwa asiambiwe. "Bado mtoto," alisema mama.

Tukamleta Kawempe, nyumbani kwa baba mdogo. Nilikuwa nikitoka chuoni kila Ijumaa kumwangalia. Ijumaa moja nilimwona anageuza uso ukutani wakati wa adhana. Nilipomuuliza, alisema ameacha kusali siku kumi na moja, kwa sababu kidonda kinatoa maji na shuka zinanuka. Alidhani Mwenyezi Mungu hapokei sala ya mtu mwenye najisi mwilini. Nami ndiye niliyekuwa nikisomesha darasa la fiqhi msikitini kwetu!

Basi tushike hili vizuri. Asiyeweza kusimama atasali ameketi, na asiyeweza kuketi atalala ubavu akielekea kibla, kama Mtume (s.a.w.) alivyomfundisha Imran bin Husayn (r.a.) alipokuwa mgonjwa. Akishindwa hata hivyo, ataashiria kwa kichwa au macho. Maji yakimdhuru, atatayamamu. Kidonda kisichokauka kinasafishwa kadiri inavyowezekana, kinafungwa, na sala inasaliwa hata kama kinaendelea kutoka. Hali yake ni kama ya mwenye udhuru wa kudumu, anayetawadha kwa kila faradhi baada ya wakati kuingia. Kuhusu kukusanya sala mbili kwa ajili ya maradhi, kauli mashuhuri ya Kishafii haikubali, lakini Imam Nawawi mwenyewe aliiona kauli ya kuruhusu kuwa na nguvu. Sisi tuliifuata hiyo, baada ya kumuuliza shekhe wetu. Saumu ya Ramadhani kwa asiyetarajiwa kupona inageuka fidia: kumlisha maskini mmoja kwa kila siku.

Zile siku kumi na moja alizilipa kidogo kidogo, akiwa kitandani.

Jambo la pili ni maumivu. Hapa Uganda tuna neema ambayo nchi nyingi za Afrika zinaitafuta: mofini ya maji, ya kunywa, hutolewa bure, na tangu 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ndiyo iliyofungua njia hiyo. Lakini mama aliificha chupa kabatini. Kwanza alisema ni kilevi. Pili alisema, mtoto akinywa hiyo ndiyo tumekata tamaa. Usiku kijana anauma shuka asisikike.

Muuguzi alimweleza kwa upole kuwa dozi huanza ndogo, hutolewa kila baada ya saa nne, usingizi mzito wa siku za mwanzo hupungua, na choo kigumu kina dawa yake. Shekhe akaongeza kuwa dawa ya maumivu inayotolewa na mtaalamu kwa haja ya kweli haiingii katika ulevi alioharamisha Mwenyezi Mungu, na kwamba subira si kukataa dawa. Nabii Ayyub (a.s.) aliyaeleza maumivu yake kwa Mola wake na bado akasifiwa kwa subira. Usiku ule alilala, na asubuhi aliomba msahafu.

Likabaki lile la ukweli. Aliniuliza mwenyewe: "Kaka, mimi nimekwisha baleghe. Sala zangu ninaulizwa mimi. Mbona ugonjwa wangu mnaulizwa ninyi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sioni kama lipo. Sheria inayomwajibisha kwa faradhi ndiyo hiyo hiyo inayomtambua katika madeni na wasia wake. Mtume (s.a.w.) alihimiza Muislamu mwenye jambo la kuusia asilale hata siku mbili bila wasia wake kuandikwa. Ataandikaje, naye kila siku anaambiwa wiki ijayo atarudi shule? Nikamwambia. Sikumtajia siku wala miezi, maana hilo analijua Allah peke yake. Nilimwambia kuwa madaktari hawana tena dawa ya kuuondoa ugonjwa, wanayo ya kumpunguzia maumivu. Alilia, nami nikalia. Mama hakunisemesha siku tatu.

Siku ya nne mama mwenyewe ndiye aliyempelekea daftari na kalamu. Aliandika kwamba anadaiwa shilingi 12,000 na muuza chapati wa getini shuleni, kwamba kitabu cha fizikia si chake, na kwamba baiskeli anamwachia mtoto wa jirani. Palikuwa na ugomvi na mwenzake wa darasani, alitaka aitwe. Aliitwa, wakakaa wawili wamefunga mlango.

Maumivu yakimzidi alikuwa akisema anatamani kufa. Sikumkemea. Nilimfundisha dua aliyoifundisha Mtume (s.a.w.), ya kumwomba Allah amweke hai maadamu uhai ni kheri kwake, na amfishe ikiwa kufa ndiko kheri kwake. Akawa anaisoma yeye na mama pamoja, baada ya Isha.

Alifariki mwezi wa Rajabu, alfajiri, mama akimkumbusha shahada. Muuza chapati alikataa zile fedha, akasema amekwisha kumsamehe. Nilimwomba azipokee, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa, akazipokea.