Mbwa wa Shamba na Njia ya Dungu: Matembezi na Kinga ya Kichaa cha Mbwa katika Bonde la Kilombero

Katika Bonde la Kilombero, matembezi na mbwa hayaanzi kama starehe. Huanza alfajiri, mkulima wa mpunga akiwa na jembe begani na mtoto nyuma yake, mbwa ametangulia akinusa majani yenye umande. Njia hutoka kijijini, hupita kando ya majaruba, huingia mbugani, na baada ya saa moja au mbili huishia kwenye dungu, kile kibanda cha shambani ambamo familia nyingi huishi kwa majuma au miezi tangu mpunga unapopandwa hadi unapovunwa. Mbwa huenda kwa sababu ana kazi. Huwabwekea nguruwe mwitu wanaoingia shambani usiku, huwafukuza nyani na tumbili mchana, na humpa mwenye dungu nafasi ya kulala. Hata kaya ambazo kwa sababu za dini hazimruhusu mbwa kuingia ndani ya nyumba humfuga nje kwa ajili ya ulinzi na mifugo.

Mwendo huo una faida kubwa kwa mwili. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima apate mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300 kwa juma. Mkulima anayekwenda shambani kwa miguu na kurudi hutimiza kiasi hicho kwa siku mbili au tatu bila kukihesabu. Anayekikosa ni ndugu yake wa mjini Ifakara, mwenye duka au ofisi, anayepanda bodaboda kwenda kila mahali, na ambaye siku moja huambiwa kliniki kwamba shinikizo lake la damu limepanda au sukari imezidi. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, ushauri wa "fanya mazoezi" huwa mkavu mno. Mtu mzima anayetembea bila shughuli huona haya kuulizwa aendako. Ni afadhali mhudumu amuulize kama ana shamba, au kama ndugu yake analo, liko umbali gani, na ni siku zipi anaweza kulifikia kwa miguu. Kama nyumbani kuna mbwa, aende naye. Mnyama aliyezoea kutoka asubuhi hasahau saa yake, na humkumbusha mwenyewe hata siku ambayo mwenyewe angependa kusahau.

Njia na mipaka yake

Bonde limelala kati ya Milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Masika likishapita na maji kupungua, njia za mbugani hukauka, hewa ya asubuhi huwa ya baridi kidogo, na mtu anaweza kutembea muda mrefu akiitazama milima pande zote mbili. Huo ndio wakati mzuri wa matembezi, na saa nzuri ni zile za mapema. Mbwa hatoi jasho kama binadamu, hupoza mwili wake hasa kwa kuhema, hivyo jua la adhuhuri humwelemea kabla halijamwelemea bwana wake. Jioni nayo ina mbu. Atakayelala dungu sharti abebe chandarua, kwa kuwa kuta za dungu haziwazuii mbu, na bonde hili ni miongoni mwa sehemu ambazo malaria imechunguzwa kwa miaka mingi zaidi nchini: kituo kidogo cha utafiti kilichoanzishwa na Waswisi hapo Ifakara mwaka 1956 ndicho mzizi wa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Viatu navyo si anasa, maana funza na minyoo ya safura huingilia miguuni, na mbwa mwenyewe huweza kubeba funza.

Kuna mahali ambapo mbwa hapaswi kufika. Kingo za Mto Kilombero ni mojawapo, kwa sababu ya mamba. Mbwa anayeinama kunywa maji huwa windo jepesi, na anayekimbilia kumwokoa huwa windo la pili. Mahali pengine ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ambayo mpaka wake uko karibu na makazi ya watu upande wa Mang'ula na Sanje. Wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi hifadhini, na sheria hiyo ina sababu ya kitabibu pia. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ambavyo hubebwa pia na mbwa wa vijijini, viliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti. Magonjwa husafiri kwa njia ya pili vilevile, kutoka porini kuja kijijini, na hapo ndipo penye jambo zito zaidi kwa msomaji wa bonde hili.

Hatari iliyo katika mate

Kichaa cha mbwa huua takribani watu 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio ya kitaalamu, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalifikia vifo 1,500 hivi kwa mwaka, idadi kubwa kuliko iliyokuwa ikiripotiwa hospitalini, kwa kuwa wengi hufia nyumbani. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kifo karibu hakiepukiki. Hata hivyo, kati ya jeraha na dalili huwapo muda, kwa kawaida miezi miwili au mitatu, ingawa huweza kuwa juma moja au hata mwaka. Tiba yote ya ugonjwa huu hufanyika ndani ya muda huo.

Chukulia mfano wa familia iliyo dungu mwezi wa Machi. Usiku mbwa anapigana na mnyama pembeni mwa shamba, na asubuhi ana jeraha dogo shingoni. Huenda mnyama yule alikuwa bweha. Uchunguzi uliofanywa mikoa ya Lindi na Mtwara umeonyesha kwamba bweha huwa sehemu kubwa ya wanyama wanaopata kichaa kusini-mashariki mwa Tanzania. Baada ya majuma kadhaa mbwa yule hali, mate yanamtiririka, taya limelegea na sauti yake imekuwa ya kukwaruza. Hakimbii ovyo wala hamvamii mtu. Baba anadhani amekwamwa na mfupa, anamshika, anamfungua kinywa na kuingiza mkono kooni kuutafuta.

Kosa hilo ni la huruma, na ndiyo maana ni vigumu kulizuia. Watu wengi wanamjua mbwa mwenye kichaa kwa sura moja tu, ile ya mnyama mkali anayekimbia akiuma kila kitu. Sura ya pili, ya mbwa mnyonge asiyeweza kumeza, hawaijui. Mbwa ambaye tabia yake imebadilika ghafla, mpole akawa mkali au mkali akawa mpole kupita kiasi, asishikwe. Afungiwe au aepukwe, na ofisa mifugo aitwe. Mbwa aliyeumwa na mnyama wa porini naye aripotiwe mapema: aliyechanjwa hupewa chanjo ya nyongeza na kuangaliwa, na asiyechanjwa hatima yake huamuliwa na ofisa huyo, uamuzi ambao mara nyingi huwa mchungu kwa familia.

Dakika 15 za kwanza

Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate kwenye jeraha, machoni au kinywani, anayo dawa ya kwanza palepale dungu. Jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kamili. Macho na kinywa visafishwe kwa maji matupu. Sabuni huvunja utando wa virusi, na maji yanayomiminika huviondoa. Dakika 15 ni ndefu kuliko watu wanavyodhani, ni kama muda wa ndoo mbili za maji zinazomiminwa polepole kwa kikombe. Maji ya kisima au ya kuchemshwa ni bora, lakini kama yaliyopo ni ya mto tu, yachotwe na kutumiwa pamoja na sabuni bila kusubiri mengine. Pilipili, majivu, mafuta ya taa na maji ya betri visipakwe. Kipande cha sabuni kinapaswa kuwamo katika mzigo wa dungu kama vile chumvi na kiberiti vilivyomo.

Baada ya kuosha, safari ya kwenda kituo cha tiba ianze siku hiyohiyo. Wakati wa mafuriko safari hiyo huwa ngumu, na baadhi ya njia hukatika kabisa. Kuchelewa ni hatari, ila si sababu ya kukata tamaa: mtu aliyeng'atwa majuma kadhaa yaliyopita na ambaye hana dalili bado anastahili kuchanjwa. Ujauzito na kunyonyesha havizuii chanjo. Mtoto mchanga naye huchanjwa.

Kwa mhudumu wa zahanati au kituo cha afya, maswali manne hutosha kuanzia. Mgusano ulikuwa wa namna gani? Mbwa anajulikana? Amechanjwa lini? Yuko wapi sasa? Kulambwa kwenye ngozi isiyo na jeraha hakuhitaji chanjo. Mikwaruzo midogo isiyotoa damu huhitaji chanjo. Jeraha lililopenya ngozi, hata likiwa moja, au mate kuingia kwenye utando laini wa macho na kinywa, huhitaji chanjo pamoja na kingamwili tayari zinazodungwa ndani na kuzunguka jeraha, pale zinapopatikana. Zisipopatikana, chanjo isisubiri. Jeraha lisishonwe kwa haraka, na kinga ya pepopunda ikumbukwe. Mbwa aliye mzima na anayeweza kuangaliwa afungiwe siku 10. Akibaki mzima hadi mwisho wake, hakuwa na virusi kwenye mate siku ya kung'ata, na chanjo ya mgonjwa inaweza kusitishwa. Ndiyo maana kumuua mbwa papo hapo kwa hasira, kama watu wengi wafanyavyo, humnyima mgonjwa taarifa muhimu.

Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linakubali ratiba fupi ya kudunga ndani ya ngozi, sehemu mbili kila mara, siku ya 0, ya 3 na ya 7. Ratiba hiyo hutumia chanjo kidogo kuliko ile ya kudunga ndani ya msuli, na humaliza mambo ndani ya juma moja. Kwa mtu anayetoka dungu la mbali, tofauti kati ya juma moja na mwezi mzima ni tofauti kati ya kumaliza dozi na kuziacha katikati. Mhudumu amuulize mgonjwa atalala wapi siku hizo saba, kisha aandike tarehe za kurudi kwa kuzingatia jibu hilo. Pia ampigie simu ofisa mifugo. Mbwa mmoja mwenye kichaa mara nyingi amewauma watu kadhaa, na wengine huenda wangali shambani hawajui.

Mbwa asiyekuwepo siku ya chanjo

Kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo hutosha kuuvunja mnyororo wa maambukizi, mradi kazi hiyo irudiwe kila mwaka. Kati ya 2010 na 2015 mradi mkubwa wa kuchanja mbwa uliendeshwa katika wilaya 28 za kusini-mashariki mwa Tanzania, Pemba ikiwemo. Historia ya Pemba inafundisha pande zote mbili. Ugonjwa ulitoweka kisiwani kufikia 2014, ukaingia tena 2016 baada ya chanjo kulegea, na ukaondolewa mara ya pili mwaka 2018. Kilombero si kisiwa, na bweha hawangoji kivuko.

Ugumu wa bonde hili uko kwenye kalenda. Chanjo ya mbwa hutolewa kijijini, karibu na ofisi ya mtendaji au shule. Kampeni ikipangwa kati ya Januari na Mei, mbwa wanaolala madungu, yaani wale wanaokutana na bweha na nguruwe mwitu kuliko wengine wote, hawatakuwepo. Takwimu za kijiji zinaweza kuonekana nzuri ilhali mbwa wenye hatari kubwa zaidi wamebaki nje. Afadhali kampeni zifanyike baada ya mavuno, kuanzia Julai. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, inaangukia vizuri katika kipindi hicho, wakati familia na mbwa wake wamerudi. Watoto wa mbwa nao wachanjwe hata kama hawajafikisha miezi mitatu. Kuwarudisha nyumbani eti ni wadogo hupunguza kinga ya kijiji kizima, kwa kuwa sehemu kubwa ya mbwa wa vijijini ni wachanga.

Pale ambapo msimu hausubiri, chanjo inaweza kupelekwa madungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba aina moja ya chanjo ya mbwa inayotumika sana ilibaki na nguvu baada ya kuhifadhiwa miezi sita katika nyuzi 25 za Selsiasi, na miezi mitatu katika nyuzi 30. Mchanjaji anayevuka majaruba kwa baiskeli akiwa na kasha la kivuli hahitaji kugeuza njia kwa sababu barafu imeyeyuka. Anachohitaji ni mtu wa kumwonyesha madungu yaliko, na kadi ya kuandika tarehe. Kadi hiyo itiwe ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi za kliniki za watoto, itundikwe juu kwenye boriti ya dungu, mahali ambapo mvua haifiki.