Moto Ukizuka Kijijini, Zimamoto ni Nani?



Mwezi huu tujifunze juu ya moto. Anayeishi Njoro, hapa Moshi mjini, akiona nyumba ya jirani inawaka hupiga simu namba 114, na gari la zimamoto huja kwa barabara. Lakini ndugu yake aliyeko Kibosho, Old Moshi au Rombo ana shida nyingine. Gari lina mlima wa kupanda, na barabara ikiisha kuna kijia cha kihambani kisichopitisha gari lolote. Huko juu zimamoto ni nani? Jibu ni fupi: ni jirani.

Ilianzaje?

Zamani nyumba za Wachagga ziliezekwa kwa nyasi au majani makavu ya migomba, na moto wa kupikia uliwaka humohumo ndani, karibu na mifugo. Cheche moja ilitosha. Hapakuwa na kikosi wala gari. Palikuwa na yowe. Aliyelisikia hakuuliza kwanza ni nyumba ya nani. Alishika chombo chake akakimbia. Maji yalipita karibu, katika mifereji iliyochimbwa kwa mikono ya wote. Watu waliozoea msaragambo hawakuhitaji kufundishwa kusaidiana.

Hata nchi za mbali zilianza hivyo. Mwaka 1736, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, Benjamin Franklin na wenzake waliunda kikundi cha kuzima moto. Hawakulipwa. Kila mwanachama alitakiwa kuwa na ndoo zake za ngozi tayari, pamoja na mifuko ya kuokolea mali. Huko Chile, kikosi cha kujitolea kilianzishwa katika bandari ya Valparaíso mwaka 1851, na mpaka leo wazimamoto wa nchi hiyo ni watu wa kujitolea. Tunajifunza nini? Kwamba kituo cha zimamoto hakianzi na gari. Kinaanza na watu waliopatana, ndoo zilizo mahali panapojulikana, na mlio ambao kila mtu anaujua.

Kwetu Tanzania, vikosi vya zimamoto vilikuwa kwanza chini ya halmashauri za miji. Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyoleta Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la taifa zima. Hata hivyo moto hausubiri. Mkoa wetu hauwezi kusahau usiku wa tarehe 18 Juni 1994, bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, lilipoungua. Wasichana zaidi ya 40 walipoteza maisha. Katika moto wa namna hiyo, dakika za mwanzo ndizo zinazoamua nani atatoka.

Tarehe 11 Oktoba 2020 mlima wenyewe uliwaka, katika eneo la Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo.  Mamia ya watu walipanda kwa miguu: askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, na wanavijiji. Walipiga moto kwa matawi, wakafyeka njia za kuuzuia usienee. Oktoba 2022 moto ukazuka tena, karibu na kambi ya Karanga, na watu wakapanda tena. Yowe la mababu bado lina waitikaji.

Jumuiya yako ifanye nini?

Si lazima kungoja msaada mkubwa. Familia kumi au kumi na tano zinaweza kuanza hivi:

1. Chagueni mlio mmoja wa hatari, kengele au filimbi, usiotumika kwa jambo jingine.
2. Wekeni ndoo, majembe, mapanga na ngazi mahali pasipofungwa kwa kufuli.
3. Jueni maji yako wapi wakati wa kiangazi, siyo wakati wa masika tu.
4. Mtu mmoja apige 114 mara moja, mwingine aende barabarani kuwaelekeza waokoaji.
5. Jueni ni nyumba gani zina wazee, walemavu, watoto wachanga na wagonjwa wa kifafa. Hao ndio wa kutolewa kwanza.
6. Fanyeni zoezi mara mbili kwa mwaka, watoto wakiwemo.

Lakini tahadhari: kujitolea si kujitupa. Usiingie ndani ya nyumba iliyojaa moshi, kwa maana moshi huua kabla ya moto. Aliye ndani atambae chini, ambako hewa ni nafuu. Mafuta yakiwaka kikaangoni, usimwage maji; funika kwa mfuniko na uzime jiko. Mafuta ya taa yakimwagika na kuwaka, mwagia mchanga. Kama nyumba ina umeme, zima swichi kuu kabla ya kutumia maji. Na gari la mafuta likipinduka, kimbia mbali. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, watu zaidi ya 100 walikufa kwa sababu ya lori la namna hiyo. Wengi walikuwa wamelisogelea kuchota petroli.

Mtu akiungua

Nguo zikiwaka, mtu asikimbie. Alale chini na kubingirika, au afunikwe blanketi zito. Kisha:

Kwanza, mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa dakika 20. Usitumie barafu. Mwili mwingine ufunikwe, hasa kwa mtoto, asishikwe na baridi.

Pili, vua pete, bangili na nguo kabla sehemu hiyo haijavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi iache.

Tatu, funika kidonda kwa kitambaa safi. Usipasue malengelenge. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai, majivu wala tope. Vitu hivi huleta uchafu kidondani na humsumbua mganga anapotaka kukisafisha.

Nne, mpeleke hospitali bila kuchelewa kama ni mtoto mdogo au mzee, kama ameungua usoni, mikononi au sehemu za siri, kama kidonda kinazidi kiganja chake, kama amevuta moshi, au kama ameunguzwa na umeme.

Tuseme pia neno juu ya kifafa. Wengi wenye ugonjwa huu huungua kwa kuangukia jikoni, na wapo majirani wanaoogopa kuwashika wakidhani povu la mdomoni huambukiza. Si kweli. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusana. Mtoe motoni mara moja! Baadaye hakikisha anatumia dawa zake kila siku, na jiko analokaa karibu nalo liinuliwe au lizungushiwe kizuizi. Kizuizi hicho kitamfaa pia mtoto anayejifunza kutembea, ambaye sufuria ya uji iliyowekwa sakafuni ni hatari kwake kama moto wenyewe.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika jumuiya

1. Moto ukizuka kwetu usiku huu, nani atasikia, na atasikia mlio gani?
2. Maji ya karibu yako wapi mwezi wa Septemba?
3. Katika jumuiya yetu, ni nani asiyeweza kutoka nyumbani peke yake?

Kama swali moja halina jibu, hapo ndipo pa kuanzia. Mababu zetu walizima moto bila gari. Sisi tunayo simu, na njia ya hospitali tunaijua. Tusikose kuwa na ndoo.