Kwa Nini Mabingwa Hawa Hawakupambana?

Wapenzi wa ngumi hubishana sana. Kati ya Muhammad Ali wa Marekani na Teófilo Stevenson wa Kuba, nani zaidi? Jibu halipo, maana hawakupambana.

Stevenson alipata medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1972, 1976 na 1980. Lakini Kuba ilipiga marufuku ngumi za kulipwa mwaka 1962. Ali alipigana kwa malipo, hadi raundi 15. Stevenson alipigana ngumi za ridhaa, raundi 3 tu. Aliahidiwa fedha nyingi ahamie ngumi za kulipwa, akakataa.

Sababu nyingine ni ubaguzi. Jack Dempsey, Mzungu wa Marekani, alikuwa bingwa wa dunia tangu 1919 hadi 1926. Harry Wills, mtu mweusi, aliomba kupambana naye miaka mingi. Wakuu wengi wa mchezo hawakutaka mtu mweusi atwae ubingwa. Mkataba wa 1925 nao ulivunjika, fedha zilipokosekana.

Basi, mtu akikuambia, "Huyu ndiye bingwa wa wote," muulize: je, wote walipewa nafasi?

Maswali ya kujadiliana
1. Nini kilimzuia Stevenson? Nini kilimzuia Wills?
2. Kati ya hao wawili, nani alinyimwa haki yake?