MTOTO MCHANGA ABATIZWE SASA, AU ASUBIRI AKUE?



Siku moja tulitembelea darasa la kujiendeleza. Somo la siku ile lilikuwa kuandika barua. Kila mwanakisomo aliandika barua ya kweli kwa mtu wake. Mama mmoja aliandika kwa mumewe, ambaye anafanya kazi mbali na nyumbani. Alipomaliza alituomba tuisome tumsahihishe. Makosa ya herufi yalikuwa mawili tu. Lakini jambo lililokuwamo lilikuwa zito.

Mama huyo ana mtoto wa miezi minne. Mume na wakwe zake ni Wakatoliki. Yeye mwenyewe anasali na Wapentekoste. Mama mkwe amesema Pasaka haitapita kabla mjukuu wake hajabatizwa. Mama wa mtoto anasema hapana, mtoto asubiri akue, achague mwenyewe. Sasa wawili hao hawasemezani. Wanapika jiko moja, lakini kila mtu na sufuria yake.

Mwisho wa barua aliuliza hivi: "Maji yakishamwagwa juu ya kichwa cha mtoto, je, yanafutika?"

Ametupa ruhusa tueleze habari hii bila kutaja jina lake. Tumeona kwamba swali hili si lake peke yake. Liko katika nyumba nyingi. Basi leo tujifunze pamoja.

Kwanza tuseme wazi. Sisi wa elimu ya watu wazima hatuji kumwambia mtu afuate dini gani. Hiyo si kazi yetu. Kazi yetu ni kuleta habari zilizo sahihi, ili watu wanapobishana, wabishane juu ya jambo wanalolijua.

MAKANISA HAYAKUBALIANI

Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana na Waorthodoksi hubatiza watoto wachanga. Wao husema ubatizo ni zawadi ya Mungu. Mtoto haombi maziwa kwa maneno, lakini mama humnyonyesha. Vivyo hivyo, wanasema, tusimnyime zawadi hii kwa sababu hajui kusema. Wazazi na wasimamizi wa ubatizo huahidi kwa niaba yake. Kwa Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana, akikua kidogo hufundishwa, halafu hupata kipaimara. Hapo husimama mwenyewe kuithibitisha imani ile.

Wabaptisti, Wasabato na Wapentekoste walio wengi hawabatizi watoto wachanga. Wao husema mtu kwanza aamini, ndipo abatizwe. Nani anaweza kuamini kwa niaba ya mwingine? Mtoto mchanga huletwa kanisani aombewe na kubarikiwa. Ubatizo husubiri mpaka aweze kuungama imani yake kwa kinywa chake.

Waislamu hawana ubatizo. Kwao mtoto huzaliwa akiwa safi. Wengi humwadhinia sikioni anapozaliwa. Siku ya saba wengi humnyoa nywele, humpa jina na kumfanyia akika. Na wazee wetu wa zamani nao walikuwa na mila zao za kumtoa mtoto nje na kumpa jina la ukoo. Kwa hiyo tunaona kwamba karibu kila watu wana njia ya kusema, "Mtoto huyu ni wetu." Ugomvi unakuja hapa: kusema "ni wetu" ni sawa na kumchagulia njia ya maisha yake yote?

UBISHI HUU NI WA ZAMANI SANA

Wengine hufikiri ubishi huu umeletwa na makanisa mapya ya juzi. Sivyo. Una miaka zaidi ya 1,800, na sehemu kubwa yake ilibishaniwa hapa hapa Afrika.

Kaskazini mwa Afrika, katika nchi inayoitwa Tunisia leo, palikuwa na mji wa Karthago. Mnamo mwaka 200 hivi, mwandishi mmoja Mkristo wa mji huo, jina lake Tertuliano, aliandika kwamba ni afadhali kuwachelewesha watoto wadogo. Waje wanapokua, wanapojifunza. Tena aliwahurumia wasimamizi. Alisema wanaweza kufa kabla ya kutimiza ahadi yao, au mtoto anaweza kukua na tabia mbaya.

Miaka hamsini hivi baadaye, katika mji ule ule, askofu Sipriano na maaskofu wenzake walikaa kikao. Waliulizwa kama mtoto asubiri mpaka siku ya nane tangu kuzaliwa. Walijibu kwamba hapana haja ya kungoja hata siku hizo nane. Mji mmoja, imani moja, majibu mawili!

Mfano mwingine ni wa Augustino. Alizaliwa mwaka 354 katika nchi inayoitwa Algeria leo. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo. Baba yake hakuwa Mkristo wakati ule. Augustino hakubatizwa alipokuwa mtoto mchanga. Alipokuwa kijana mdogo aliugua sana, akaomba abatizwe. Matayarisho yakaanza. Lakini alipona, jambo likaahirishwa. Mwishowe alibatizwa mwaka 387 mjini Milan, Italia, akiwa na miaka 32, baada ya kuzunguka katika mafundisho mengi. Baadaye alikuwa askofu, na mtu huyu huyu aliyechelewa alifundisha kwamba watoto wachanga wabatizwe.

Tunajifunza nini? Mtoto ambaye hakubatizwa anaweza kuja mwenyewe akiwa mtu mzima. Na aliyesubiri anaweza kusema baadaye kwamba hakupenda kusubirishwa. Hakuna upande wenye hoja zote.

Yako pia mambo ya kuhuzunisha. Katika mji wa Zurich, Uswisi, mwaka 1525, kikundi cha watu walikataa ubatizo wa utotoni. Wakabatizana upya wakiwa watu wazima. Wakubwa wa mji waliona huo ni uasi. Januari 1527 mmoja wao, Felix Manz, alizamishwa mtoni mpaka akafa. Maji ya ubatizo yakageuzwa kuwa maji ya kuulia. Ndivyo inavyokuwa serikali inaposhika upanga kuamua mambo ya imani.

SHERIA INASEMAJE?

Hapa Tanzania serikali haichagulii mtu dini. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuamini, na pia uhuru wa kubadilisha dini au imani yake. Uhuru huo haufutwi na maji ya ubatizo, wala na jina alilopewa mtu utotoni.

Upo pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Kifungu cha 14 kinasema mtoto ana uhuru wa mawazo na dini. Papo hapo kinawaheshimu wazazi: wao ndio wenye haki na wajibu wa kumwongoza, kwa kadiri akili yake inavyokua. Maana yake ni nini? Mtoto wa miezi minne huongozwa katika kila jambo. Mtoto wa miaka kumi huongozwa, lakini husikilizwa. Kijana wa miaka kumi na saba huwezi kumburura kama mbuzi.

TURUDI KWENYE BARUA

Je, maji yanafutika? Jibu lina sehemu mbili. Kanisa Katoliki hufundisha kwamba ubatizo ni mara moja tu na alama yake haifutiki. Makanisa yanayobatiza watu wazima kwa kawaida hayauhesabu ubatizo wa utotoni, na mtu akijiunga nao humbatiza. Basi kwa imani, jibu linategemea kanisa. Lakini kwa sheria ya nchi, mtu aliyebatizwa utotoni yuko huru.

Je, bibi anaweza kumchukua mjukuu kimyakimya akambatizishe? Sheria ya Kanisa Katoliki lenyewe haimpi ruhusa hiyo. Inataka wazazi wakubali, au angalau mmoja wao. Tena inataka pawepo tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani hiyo. Pasipo tumaini hilo, ubatizo huahirishwa, na wazazi huelezwa sababu. Hatari ya kufa ndiyo pekee inayobadilisha utaratibu huo. Kwa hiyo mama mkwe, hata kama ana uchungu wa kweli, na tunaamini anao, hawezi kukaa kwenye kiti cha wazazi.

Lakini na mama wa mtoto naye ajiulize. Anasema mtoto achague mwenyewe. Vizuri. Je, kila Jumapili hambebi mgongoni kwenda kwenye sala zake? Nyimbo anazosikia mtoto ni za nani? Mtoto hukua katika nyumba yenye imani fulani, au isiyo na imani. Ukimlea mtoto umekwisha kumwelekeza, utake usitake. Samaki mkunje angali mbichi, wazee walisema. Basi tusidanganyane kwamba kungoja ni kutochagua. Kungoja nako ni kuchagua.

SHAURI LETU

Kwanza, baba na mama wapatane kabla ya kwenda kwa paroko au mchungaji. Tena ni bora kuzungumza kabla ya kuoana kuliko baada ya mtoto kuzaliwa. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia.

Pili, msibatize kwa ajili ya karamu, au kwa kuogopa maneno ya majirani. Wala msikatae kwa kuwakomoa wakwe. Mzazi anayeahidi mbele ya watu kumlea mtoto katika imani, atimize. Ahadi isiyotimizwa ndiyo inayomchezea mtoto.

Tatu, mkimbatiza au msipombatiza, mwacheni mlango wazi. Akiuliza maswali, msimpige. Akikua na kushika njia nyingine, msimfukuze nyumbani. Mtoto ni wenu, lakini moyo wake ni wake.

Nne, msichanganye cheti cha ubatizo na cheti cha kuzaliwa. Cha kuzaliwa hutolewa na serikali. Ugomvi wa dini usimcheleweshee mtoto jina, cheti hicho, wala chanjo. Hayo hayasubiri Pasaka.

Mama yule aliandika barua yake upya na kuituma. Baada ya wiki tatu alituletea majibu tuyaone, ingawa sasa aliyasoma mwenyewe bila msaada. Mumewe alikuwa ameandika: "Msifanye lolote mpaka nije. Tutakaa wote watatu, na mama yangu atasema, na wewe utasema." Hatujui wataamua nini. Lakini siku ile alituambia kwamba mama mkwe naye alitaka asomewe barua ile. Alisomewa mara mbili. Jioni yake waliketi jikoni pamoja, wakachambua mboga.

MANENO YA KUJIFUNZA

Msimamizi: mtu anayeahidi kusaidia kumlea kiimani mtoto anayebatizwa.
Kuridhia: nchi kukubali rasmi kufuata mkataba.
Kuahirisha: kusogeza jambo mpaka siku nyingine.
Ibara: sehemu ya Katiba yenye namba yake.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Tertuliano alitoa sababu gani za kuwachelewesha watoto?
2. Eleza tofauti ya cheti cha ubatizo na cheti cha kuzaliwa. Wewe unavyo vyote viwili?
3. "Kungoja nako ni kuchagua." Unakubali? Toa sababu.
4. Baba, mama na bibi wasipopatana, nani awapatanishe katika kijiji chenu?
5. Mwandikie ndugu yako barua ya mistari kumi. Mweleze wewe ungefanyaje kama ungekuwa mama yule, au mama mkwe.