Elimu kwa Umma: Bunduki ya Marehemu Hairithiwi Kama Shamba

Tuchukue mfano. Mzee amefariki. Alikuwa na bunduki halali, iliyosajiliwa kwa jina lake, ya kulinda mifugo. Siku ya tatu baada ya mazishi, ndugu yake anamwambia mjane: “Shemeji, hiyo bunduki nipe mimi niiweke. Wewe utaifanyia nini?” Mjane anafungua sanduku na kumkabidhi bunduki pamoja na risasi. Wote wawili wanaamini wametenda jambo la busara, kumbe wameingia matatani na sheria mbili kwa mpigo.

Ya kwanza ni Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Inakataza mtu yeyote kununua, kupokea au kuwa na bunduki au risasi bila cheti chake mwenyewe, kile ambacho wengi wetu tunakiita leseni. Cheti hutolewa kwa mtu, si kwa nyumba wala ukoo. Mzee akifa, hakuna mwingine anayeweza kukitumia, hata mke aliyeishi naye miaka 40. Kukamatwa na bunduki bila cheti ni kosa linaloweza kumfunga mtu jela kwa miaka, na kusema “ilikuwa ya baba” si utetezi.

Ya pili ni Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Kifungu cha 45 kinamzuia mtu kuchukua au kugawa mali ya marehemu kabla hajaidhinishwa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Bunduki ni mali kama ng’ombe na trekta, kwa hivyo shemeji aliyeichukua na kuifanya yake amegusa mirathi.

Basi familia ifanye nini? Usingoje matanga yaishe. Piga ripoti kituo cha polisi kilicho karibu, au mwone chifu akuunganishe na OCS. Ni salama zaidi maafisa waje kuichukua nyumbani kuliko wewe kuifunga kwenye gunia na kupanda nayo matatu. Wape bunduki, risasi zote na cheti cha marehemu. Hakikisha jambo hilo limeandikwa katika OB, kisha uondoke na nambari ya OB na hati inayoonyesha aina ya bunduki, nambari iliyochongwa kwenye chuma na idadi ya risasi. Karatasi hiyo itunze pamoja na cheti cha kifo. Wengi huogopa kwamba bunduki ikiingia kituoni imepotea. Bila karatasi, hofu hiyo ina msingi.

Kuiweka kituoni hakuiondoi kwenye mirathi. Anayeomba barua za usimamizi wa mirathi aiorodheshe pamoja na mali nyingine. Baadaye warithi wana njia mbili au tatu: kuiuza kwa mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa, kumuuzia mtu mwenye cheti kinachomruhusu na kugawana pesa, au kuisalimisha kabisa kwa serikali. Kwa familia za Kiislamu, mafungu yanaweza kuamuliwa na Kadhi, lakini hata Kadhi hatoi ruhusa ya kushika bunduki.

Mmoja wa watoto akiitaka yenyewe, lazima aombe cheti chake kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki. Atachunguzwa upya kama mtu asiyejulikana. Mlevi, au mtu asiye na akili timamu, hapewi. Tena lazima awe na sababu yake ya kutosha, na hapa ndipo vijana wengi hukwama. Huenda babu alipewa bunduki ya kuwindia, lakini uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku nchini mwaka wa 1977. Sababu ya babu hairithiki. Hata wosia ukisema “bunduki apewe kifungua mimba wangu”, unampa haki ya mali tu, si ya kuishika.

Bunduki ya askari wa akiba (NPR) ni habari nyingine kabisa. Hiyo ni mali ya serikali, haimo katika mirathi, na hakuna wa kuirithi. Irudishwe kituoni mara moja, hata kama mwenyewe aliibeba miaka 20 na kijiji kizima kinaiita yake.

Na ukikuta darini bunduki isiyo na karatasi yoyote, au ya kutengenezwa kienyeji? Usiiguse, usijaribu kama inafanya kazi, na usiizike shambani. Ondoa watoto, funga chumba, mwite chifu au polisi waje, na uwaeleze ulivyoikuta. Ukiwa na wasiwasi wa kushtakiwa, zungumza na wakili kwanza, lakini fanya hivyo siku hiyohiyo.

Kwa wewe mwenye bunduki ambaye bado uko hai: mwambie mwenzako leo cheti kiko wapi, na ni kituo gani cha polisi apigie.